Kitendawili au Kweli Kinzani?

Katika riwaya ya Mfaransa René Barjavel, Le Voyageur imprudent (1944), msafiri arudi mwaka 1793 na kumwua babu yake aliyekuwa hajapata mtoto. Basi msafiri hakuzaliwa. Na asiyezaliwa hawezi kuua. Mfasiri huvutwa kuliita jambo hili "kitendawili". Istilahi hiyo twaiona haifai, kwani kitendawili hutegwa ili kiteguliwe. Mwalimu wa Mchuchuma na awaulize wanafunzi: mtu akirudi zama za misitu iliyogeuka makaa ya mawe, akaiteketeza yote kwa moto wa makaa hayo hayo, ameyatoa wapi? Hapana jibu. Istilahi ifaayo ni "kweli kinzani". "Babu" libaki: kwetu humtaja hata mhenga, na ndiye auawaye riwayani.