Sataranji Kama Usimulizi: Tathmini ya Mfano Mmoja

Dai kwamba mchezo wa sataranji ni hadithi hutajwa mara nyingi bila kuthibitishwa. Makala haya yananuia kulipima. Kikwazo cha kwanza kinatokana na Ferdinand de Saussure, ambaye katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1916 alitumia sataranji kufafanulia lugha. Kwake, hali ya ubao wakati wowote hujitosheleza. Anayefika katikati ya mchezo hapungukiwi na chochote akilinganishwa na aliyeufuata tangu mwanzo. Tukikubali hoja hii bila masharti, sataranji haiwezi kuwa usimulizi, kwani hadithi isiyohitaji yaliyotangulia si hadithi.

Kanuni za mchezo wenyewe, hata hivyo, zinampinga Saussure. Ile hatua ambamo mfalme na ngome husogezwa kwa pamoja hairuhusiwi iwapo mmoja wao aliwahi kusogezwa, hata kama amekwisha kurejea alipoanzia. Ubao hauonyeshi jambo hili; historia ndiyo inayolihifadhi.

Lakini kuwa na historia hakutoshi. E. M. Forster (1927) alitofautisha matukio yanayofuatana kiwakati na ploti inayofungamanishwa na usababishi. Je, orodha ya hatua inavuka mpaka huo?

Tuchukue mchezo wa Adolf Anderssen na Lionel Kieseritzky, uliochezwa London mwaka 1851, ambao Ernst Falkbeer aliuita "usiokufa" mwaka 1855. Anderssen alitoa kafara askofu mmoja, ngome zote mbili na hatimaye malkia. Mpinzani wake alipoteza askari watatu tu. Hata hivyo, katika hatua ya 23, mfalme wa Kieseritzky alinaswa na kete chache zilizosalia, huku jeshi lake likiwa karibu zima lakini likishindwa kumwokoa. Kinaya hiki hakihitaji kupambwa na mhakiki; kimo katika mpangilio wa kete.

Ploti, kwa maoni yetu, haimo katika hatua zilizochezwa pekee, bali pia katika zile zilizoachwa. Katika hatua ya 18 Anderssen aliziacha ngome zake bila ulinzi, na Kieseritzky akala ile ya upande wa mfalme kwanza. Baadaye Wilhelm Steinitz alionyesha kwamba kuanza na ngome ya pili kungempa utetezi bora. Ni ufafanuzi huu unaoigeuza hatua ya kawaida kuwa kosa la mhusika, na kosa kuwa chanzo cha anguko. Bila "angeweza", "ndipo" haina uzito.

Kwa hiyo mfafanuzi wa mchezo anatekeleza kazi ya fanani. Hadhira yake inajua mwisho, kama hadhira ya ngano inavyoujua, na bado taharuki haipotei, kwa kuwa kinachosubiriwa si kujua nani atashinda bali kuona namna mlango mmoja baada ya mwingine unavyofungwa.

Tunahitimisha kwamba mchezo wa sataranji si hadithi kwa hali yake yenyewe. Huwa hadithi unaponakiliwa na kusimuliwa upya. Wahakiki wanaouita kila mfuatano wa matukio usimulizi wanaidhoofisha istilahi hiyo. Mfuatano ni malighafi tu, na msimulizi ndiye anayeufinyanga.