Nani alipie sindano ya kupunguza mwili?

Stori ya Ozempic ikianza kijiweni Kihonda, utasikia kambi mbili tu. Ya kwanza inasema unene ni uzembe: acha chipsi, panda Uluguru, mwili utapungua wenyewe. Ya pili, ambao wengi wana kadi mfukoni, inasema NHIF walipie, kwani si tunakatwa kila mwezi? Mimi naona zote mbili zimekosea, ila hazijalingana kwa kukosea.

Tuanze na mwili. Ukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hii husaidia kongosho kutoa insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni na kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Semaglutaidi, dawa iliyomo kwenye Ozempic na Wegovy, huiga homoni hiyo, ila yenyewe hudumu mwilini siku nyingi, ndiyo maana mtu huchoma mara moja tu kwa wiki.

Katika utafiti wa STEP 1 uliochapishwa 2021, watu 1,961 wenye uzito uliopitiliza na wasio na kisukari walifuatiliwa kwa wiki 68. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Waliochoma semaglutaidi walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochoma sindano isiyo na dawa walipungua 2.4. Kambi ya kwanza iisome tena hiyo 2.4. Ndiyo kazi ya ushauri peke yake, tena ushauri wa kusimamiwa na wataalamu, siyo wa kurushiwa na shemeji kwenye grupu la ukoo.

Kambi ya pili nayo isikie hili: walioacha dawa, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Yaani hii siyo dozi ya malaria ya siku tatu. Ni kama vidonge vya presha, unakwenda navyo, na bima ikimkubali mgonjwa mmoja imekubali bili ya miaka.

Sasa shika kalamu. Bei iliyotangazwa ya Wegovy Marekani ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi. Tukiweka dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya milioni 3.3. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, shilingi 500,000 tangu Julai 2025, huchangiwa asilimia 6 kwenda NHIF, nusu yake na nusu ya mwajiri: 30,000. Kwa bei hiyo, michango ya watu 112 inaishia kwa mgonjwa mmoja, na wao wasiugue hata mafua. Si sisi tu tunaoshindwa. Bima ya wafanyakazi wa jimbo la North Carolina iliacha kulipia dawa hizi kwa wanaotaka kupunguza uzito Aprili 2024, kwa sababu hiyohiyo ya gharama. Mwezi mmoja kabla, huku kwetu, NHIF walipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha huduma kwa wanachama wao zikilalamikia bei.

Lakini kinachonikera kwenye mjadala wote ni kwamba tunaichukulia bei kama mvua, kitu kinachoshuka tu kutoka juu. Mwaka 2024 watafiti wa Yale na Madaktari Wasio na Mipaka walipiga hesabu ya kutengeneza semaglutaidi, faida ikiwemo, wakapata kati ya dola 0.89 na 4.73 kwa mwezi. Ile ya juu kabisa haifiki shilingi 12,000! Na hataza ya dawa hii India, tunakonunua dawa nyingi, inaisha Machi 2026. Kwa hiyo swali la kuwabana nalo NHIF na Bohari ya Dawa ni hili: mtanunua kwa bei gani, na nani aanze?

Kwa la pili ninao msimamo. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili ambao pia wana unene na ugonjwa wa moyo au figo. Waanze hao. Hao NHIF tayari inawalipia, ila inawalipia mwishoni, figo zikishakufa na mtu anasafishwa damu kila wiki. Najua msimamo huu unamwacha nje mama wa Kihonda ambaye magoti yanamuuma kwa uzito lakini sukari yake iko sawa. Aambiwe wazi kwamba foleni ipo na yeye yuko wapi. Asiambiwe kwamba anataka urembo.

Halafu kuna dereva wa bodaboda asiye na kadi yoyote. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa bungeni Novemba 2023, na kwake yeye hata metformini, kidonge cha bei ndogo kabisa cha kisukari, bado ni hela ya mfukoni.