"Usafi" wa Makro: Istilahi Inayopotosha

Limetufikia pendekezo la kuita sifa fulani ya lugha za jamii ya Lisp "usafi wa makro". Hatuliafiki.

Makro ni kanuni inayoandika sehemu ya programu kwa niaba ya mtumiaji. Tuseme ipo makro ya kubadilishana thamani za vigeu viwili, nayo kwa ndani hutumia kigeu kiitwacho akiba. Mtumiaji akiipa kigeu chake ambacho nacho chaitwa akiba, jina la ndani hulinasa lile la nje: thamani hazibadilishwi, wala kompyuta hailalamiki.

Mkaaji wa Temeke anaujua mkasa huu. Temeke ni wilaya, na ndani yake mna kata ya Temeke; Kinondoni vivyo hivyo. Agizo lililokusudiwa wilaya nzima likisomwa katani, laweza kueleweka kuwa la kata tu. Hapo hakuna aliyechafua kitu. Mwanafunzi akisikia "usafi" atadhani ahimizwa kupanga mistari vizuri, kama si kufagia. Neno hilo ni kivuli cha jina la Kiingereza walilolitumia Kohlbecker, Friedman, Felleisen na Duba mwaka 1986, walipoonyesha jinsi mashine yenyewe iwezavyo kuyatenga majina, mwandishi asihangaike kubuni majina ya ajabu ajabu.

"Kuteka" nako kwadokeza nia ya vita, ilhali mtego haumchagui ndege. Twapendekeza "unasaji wa kigeu" na "utengano wa majina". Hili la pili ni refu kidogo, lakini mwalimu hatalazimika kulifafanua mara mbili.