"Mvuto wa uso" si fizikia, ni urembo

Hebu tuamue jambo moja, mpenzi msomaji. Ile sifa inayofanya tone la maji lijikunje kama tufe, na mdudu atembee juu ya kidimbwi bila kuzama, tuiiteje? Kuna wanaosema "mvuto wa uso" na wanaosema "ngozi ya maji". Naona wote wanapotosha.

"Mvuto wa uso" ni lugha ya matangazo ya vipodozi. Mwanafunzi wa Kyuso akiisikia atafikiria mafuta ya kujipaka. Tena haionyeshi nani anamvuta nani. "Ngozi" ndiyo mbaya zaidi, maana inadai eti juu ya maji pana utando wa kitu kingine. Hakuna. Juu ni maji, chini ni maji yale yale.

Tofauti ni majirani tu. Molekuli iliyo katikati ya mtungi huvutwa na jirani zake pande zote. Iliyo juu haina jirani wa maji upande wa hewani. Basi huvutwa ndani na kando, na uso hujikaza. Ndiyo maana natetea "mvutano wa uso". Kiambishi -an- cha kutendana kinabeba sayansi yenyewe: molekuli zinavutana.

Tarakimu nazo zinakubali. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, mvutano wa maji ni takriban milinyutoni 73 kwa mita; wa ethanoli ni 22 hivi. Molekuli za maji hushikana kwa vifungo vingi vya haidrojeni. Ethanoli inavyo pia, lakini mkia wake wa kaboni hushikana na wenzake kwa ulegevu. Zebaki, yenye vifungo vya metali, hupita 450.

Tusichanganye pia mvutano na mnato. Asali ya Mwingi hutiririka polepole kwa sababu ya mnato, yaani ukinzani wa molekuli zinapopishana. Mvutano ni habari ya uso, na sabuni huulegeza: molekuli zake hujipanga juu, kichwa majini, mkia hewani.

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kwa hivyo tusisingizie uchanga wa Kiswahili. Walimu na wahariri, chagueni istilahi inayomfafanulia mtoto dhana, si ile atakayolazimika kuikariri kisha aisahau baada ya mtihani.