Mstari wa Mama: Juu ya Nguo za Magome za Wambuti

Katika mila zetu za Ituri kuna kazi moja ambayo wageni waliisifu mbele yetu, na mpaka leo sisi wenyewe hatujui tuiweke wapi. Ni nguo ya gome la mti yenye kuchorwa na wamama wa Kimbuti katika pori la Mambasa, ile ambayo wengine huiita murumba na wengine pongo. Ukiuliza hapa Bunia, mtu atakujibu: «Ah, hiyo ni nguo ya zamani ya Wambuti.» Jibu hilo si uongo. Lakini linasema juu ya gome tu, juu ya mchoro halisemi neno. Mimi nataka kusema juu ya mchoro.

Tuanze na kazi yenyewe, maana vijana wengi wa mji hawajaiona. Mwanaume njo mwenye kupiga gome. Anachuna ganda la mti, mara nyingi mti wa jamii ya mkuyu, anaondoa sehemu ngumu ya nje, analowesha ile ya ndani, kisha anaipiga juu ya gogo kwa nyundo ya mti au ya pembe ya tembo. Gome linapanuka polepole mpaka linalegea kama kitambaa. Hapo yeye amemaliza. Nguo inapita katika mikono ya mwanamke. Anaketi chini, anaitandaza juu ya mapaja, anachora. Wino wake ni maji ya tunda la gardenia yenye kuchanganywa na makala. Kalamu yake ni kidole au kijiti. Wekundu, kama upo, unatoka katika unga wa nkula. Hakuna rula, hakuna kufuta. Mstari ukishaingia katika gome, umeingia.

Sasa tazama vizuri nguo moja nzuri. Kuna mistari yenye kupishana kama wavu wa kuwindia, miraba karibu sawasawa, inakwenda hivyo kwa upana wa viganja viwili. Kisha wavu unakatika. Mistari inageuka na kwenda upande mwingine, au vinaingia vitone vichache, au panabaki pahali patupu kabisa. Mwenye haraka atasema: huyu mama alichoka, au alisahau alivyoanza. Si hivyo. Mtu aliyechora miraba ishirini anaweza kuchora wa ishirini na moja. Ameacha kwa kuamua. Ule utupu njo unaofanya jicho lirudi kwenye wavu na kuuona upya. Kitenge cha mashine, hata kile cha bei kubwa, kinarudia ua lilelile mpaka mwisho wa kitambaa, maana mashine haina pahali pa kuamua.

Robert Farris Thompson, mwalimu wa historia ya sanaa kutoka Marekani, aliulinganisha uchoraji huu na nyimbo za Wambuti, ambamo sauti nyingi zinaingia, kila moja na njia yake, na wimbo unasimama. Ulinganisho ni mzuri, na mwenye kuwasikia wakiimba ataukubali mara moja. Lakini unanisumbua kidogo. Wimbo ni wa kambi nzima. Mstari ni wa mkono fulani. Hata pale wamama wawili wanaposaidiana juu ya nguo moja, ukitazama utaona mmoja anakandamiza kidole na mwingine anakipitisha juujuu. Tukisema tu «sanaa ya Wambuti», huyo mama na mwenzake wamepotea.

Tena, mchoro huu ni ndugu wa pambo. Maji yaleyale ya gardenia wanayapaka usoni na mwilini, na katika sherehe ya elima, ile ya wasichana kuingia utu uzima, mwili wenyewe njo unakuwa nguo. Rangi ya ngozi inakwisha kisha siku chache. Ya gome inabaki. Nayo nguo ilikuwa ya kuvaliwa: inapita katikati ya miguu, inashikwa na mkanda kiunoni, inaning'inia mbele na nyuma, inakunjamana mtu akicheza. Kwenye ukuta wa makumbusho imenyooshwa kama karatasi. Tunashukuru imehifadhiwa, lakini mwenye kuitazama pale anaona nusu ya kazi.

Wageni walitangulia kuiheshimu, hilo tulikubali. Anne Eisner Putnam, mchoraji wa Marekani, aliishi Epulu tangu 1946 mpaka 1954, akakusanya nguo hizi, na pori lile likaingia katika picha zake mwenyewe. Mwaka 1991 makumbusho ya Dapper, kule Paris, yalifanya maonyesho ya nguo za Wambuti, na kichwa chake kilikuwa neno «Pygmées» lenye alama ya kuuliza. Alama hiyo ilistahili. Mwaka 1995 Thompson na Georges Meurant walitoa kitabu kizima juu ya michoro hii. Lakini picha za Eisner zina jina lake. Nguo za wamama wa Epulu, mara nyingi, zina maneno mawili tu: Mbuti, Ituri. Jina la aliyezikusanya ni rahisi kulipata kuliko la aliyezichora.

Jirani zetu wa Uganda walifanya bidii, na mwaka 2005 UNESCO ikatangaza kazi yao ya nguo za magome kuwa urithi wa binadamu. Walistahili. Lakini tusiige bila kufikiri. Kwa Waganda sifa iko katika gome lenyewe la mutuba, na mafundi wa ukoo wa Ngonge wanajulikana. Kwetu, ukihifadhi gome bila mkono wa mama, umehifadhi nusu ndogo.

Na huo mkono umepata taabu. Mwisho wa mwaka 2002 wanajeshi waliingia upande wa Mambasa katika vita walivyoviita «Effacer le tableau», ni kusema futa ubao, na Wambuti walikuwa kati ya walioumia sana. Mwaka 2012 Epulu ilishambuliwa, watu wakauawa pamoja na okapi kumi na nne. Mwenye kukimbilia kando ya barabara anaacha nyuma mkuyu na gardenia. Siku hizi Mmbuti anavaa kitenge na singileti sawa sisi wote, hakuna haja ya kumkataza. Nguo ya gome inachorwa zaidi kwa kuuzwa.

Kwa hiyo swali limekuwa la mnunuzi, na wanunuzi wengine ni sisi: walimu, mapadri, watu wa mashirika wenye kutafuta zawadi. Si kila nguo ni nzuri, tuseme wazi. Kuna zenye kujazwa mistari haraka, za kumpendeza mgeni tu. Lakini sisi tunaweka bei kwa ukubwa, na kwa vile gome linavyoonekana limezeeka. Jina hatuulizi, kuliandika nyuma ya nguo, pamoja na mwaka na kambi, ni kazi ya dakika moja. Nguo mbili zinawekwa mbele yetu, moja imechorwa na mama aliyefikiri, nyingine imejazwa tu, na zote tunazilipa sawasawa juu urefu ni mmoja. Yule wa kwanza, safari ijayo, atachora kama wa pili, na hatutakuwa na neno la kumwambia.