Hakika, Yakini na Bila Shaka

Wapo waandishi wetu wanaoyatumia maneno hakika, yakini, imani na bila shaka kama ndugu wa tumbo moja: akikosekana mmoja, mwenziwe hushika zamu. Mimi siafiki. Yote yana asili ya Kiarabu, lakini kila moja lina kazi yake.

Hakika lina shina moja na haki. Uzito wake uko katika jambo lenyewe: ndivyo lilivyo, tulijue tusilijue. Yakini hukaa moyoni. Ni utulivu wa nafsi baada ya shaka kuondoka. Wanazuoni wa Kiislamu wameigawa katika daraja tatu, na mfano mashuhuri ni wa moto: kuujua kwa moshi, kuuona kwa macho, kisha kuungua. Imani ni jambo jingine. Mwenye imani na mtu hamdai ushahidi, hujikabidhi kwake. Na kusadiki ni kulipokea neno la msemaji.

Linalotatiza zaidi ni bila shaka. Kwa maana yake ya asili halibakizi shaka lolote. Lakini hebu sikiliza watu wanavyozungumza: "Bila shaka wewe ni mgeni hapa." Huko ni kukisia! Mazungumzoni si kosa, ndivyo lugha inavyoishi.

Mahakamani mambo ni mengine. Mshtakiwa wa jinai hutiwa hatiani pale tu kosa linapothibitishwa pasipo kuacha shaka la maana, na tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zake. Shahidi akisema, "Bila shaka ni yeye," hakimu aelewe nini? Kwamba alimwona, au anadhani? Miaka ya mtu gerezani inategemea jibu hilo.

Vivyo hivyo jukwaani. Kiongozi asemaye, "Nina hakika maji yatafika," anaweza kuulizwa hakika hiyo ameipata wapi. Akisema, "Nina imani," swali hilo linakosa pa kushika, na wasikilizaji wanapiga makofi.

Kwa hiyo nionavyo, kosa la kuchanganya maneno haya si la mapambo ya lugha. Linamnyang'anya msikilizaji haki ya kuuliza: umejuaje? Aliyeona na aseme ameona, aliyeambiwa aseme ameambiwa, na anayetumaini asione haya kusema anatumaini.