Kidani cha Maua Matatu

Mama muuza samaki alikuwa amekifunga kidani kwenye pindo la kitenge. Alikirithi kwa marehemu mama yake, aliyekipata ng'ambo ya ziwa, Uganda, enzi za Waingereza. Kitanzi cha kupitishia mkufu kilikuwa kimekatika. Fundi wa Mahagi-Port alikipokea kwa viganja viwili, akakigeuza nyuma kwanza.

Nyuma pana mhuri: 9, kisha .375. Yaani karati 9, sehemu 375 za dhahabu katika kila 1,000. Mbele, maua matatu yametoka shina moja: waridi la Uingereza lenye ganeti, mbigili wa Uskoti wenye amethisto ya zambarau, na shamroki ya Ayalandi, majani matatu yaliyozunguka zumaridi ndogo. Mishipa ya kila jani imechongwa kwa ncha ya chuma. Fundi aliyatazama majani hayo kwa muda mrefu kuliko mawe.

Dhahabu ya Ituri, ambayo Wazungu walianza kuichimba huko Kilo baada ya kuiona mwaka 1903, humfikia ikiwa unga, naye huupima kwa njiti za kiberiti na sarafu kuukuu. Hakulehemu kwa unga huo mtupu, kwa kuwa hutaka moto mkali kuliko kidani chenyewe. Maua yangeyeyuka kabla kiungo hakijashika. Aliuchanganya na fedha, shaba na zinki kidogo, akaufua ukawa bamba jembamba, akalikata vipande vidogo kama chembe za chumvi.

"Jiwe hili likiona moto linafifia, mama," alisema, akaanza kuyainua meno ya dhahabu yaliyoishika amethisto. Jino kidogo, apumzike. Jino la pili, apumzike. Dhahabu ya zamani ikikunjwa kwa pupa hukatika. Mawe yote matatu yalipotoka, aliyalaza juu ya pamba.

Ndipo akaweka kidani juu ya mkaa, akapaka boraksi iliyosagwa kwa maji, akapanga chembe mbili kwa kibano. Alipuliza kwa bomba la mdomoni, akiuzungusha mwali, asiukaze mahali pamoja. Ghafla chembe ziling'aa, zikatambaa ndani ya ufa. Akaacha kupuliza papo hapo.

Asidi iliyozimuliwa iliondoa weusi, tupa laini ikafuata, kisha mawe yakarudi, meno yakikunjwa mawili mawili yanayotazamana.

Mama akapitisha ukucha pale palipokatika. Haukukwama.